Jogoo kwa Kisu

Nyanzala alikwenda soko la Kashaulili akiwa na jogoo mwekundu kwapani na nia moja tu: kurudi nyumbani na kisu. Kile chake cha jikoni kilikuwa kimechomoka mpini mara tatu. Mara ya mwisho mumewe, Enoka, alikifunga kwa mpira wa baiskeli, kikawa kinacheza kama jino la mtoto. Mke wa mfugaji hawezi kuishi hivyo. Kuna kamba za kukata, ngozi za kuchuna, vigingi vya nira vya kuchonga. Na mwaka ule wa tisini na sita mvua ilikuwa imenyesha vizuri Mpanda nzima, kazi hazikuwa na mwisho.

Alizunguka meza tano bila kuona cha maana. Visu vyote vilikuwa vyepesi, bati tupu. Mwishowe akafika kwa Gaspar, Mfipa mmoja mcheshi aliyeuza spana, bawaba na vyuma vilivyotumika. Kando ya rundo la misumari kulikuwa na kitu cheusi, kinene, kimelala kama samaki aliyekaushwa.

"Hiki nini, kaka?"

"Kisu hicho, mama. Cha kukunja."

Nyanzala akakipima mkononi. Kwanza alishangaa uzito. Hakudhani kisu kinaweza kuwa kizito namna ile. Pili, alikiona kibaya. Mpini ulikuwa umejaa mikwaruzo, skrubu zake nene zimetokeza, hakina urembo wowote. Na zaidi ya yote kilikuwa cha kukunja, na visu vya kukunja nyumbani kwake vilikuwa na kesi. Enoka alikuwa na kidole cha shahada kisichopinda tangu siku ile, bado wako Maswa, kisu kidogo cha mfukoni kilipojifunga ghafla akichuna mbuzi. Kilikata mshipa, kidole kikabaki kimenyooka kama kijiti mpaka leo.

"Hapana," alisema, akikirudisha. "Hivi vinakula vidole."

Gaspar hakukasirika. "Hujakifungua, mama. Weka dole gumba hapo pembeni, usukume."

Akasukuma. Bapa likatoka taratibu, pana, nene mgongoni, na lilipofika mwisho likalia tak! Nyanzala akashtuka. Ulikuwa mlio mfupi wa chuma kukaa mahali pake, kama kitasa cha mlango wa benki.

"Sasa kikunje," Gaspar akasema.

Akasukuma kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, mpaka jogoo akateleza kwapani akaanza kupiga kelele. Bapa halikusogea. Gaspar akamwonyesha kibati kidogo cha chuma ndani ya mpini: kisu kikifunguka, kibati kinaruka na kuziba njia, na hakitoki mpaka mtu akisukume mwenyewe. Kisu kilikuwa cha fundi wa magari ya kujenga barabara, akaeleza. Kazi ilipokwisha alihama, akaacha vitu vyake vyote hapo sokoni.

Nyanzala hakuridhika na maneno. Alikishika kisu vizuri, akaugeuza mgongo wa bapa chini, akaupiga kwenye ukingo wa meza kwa nguvu zake zote. Pa! Misumari ikaruka. Akapiga tena.

"Mama, utanivunjia meza!"

"Meza utagongelea. Misumari unayo."

Kisu hakikujikunja. Hakikulegea hata kidogo. Hapo ndipo moyo wake ulipogeuka. Ule ubaya wote aliouona mwanzo ukawa kama sura ya mtu asiyejua kutabasamu lakini ukimwita anakuja. Akampa Gaspar jogoo.

Walikaa Misunkumilo, pembeni kabisa, nyumba zinapokwisha na mashamba kuanza. Enoka alikitazama kile kisu mezani bila kukigusa.

"Mama Rahel. Yule jogoo mwekundu?"

"Ndiyo."

"Kwa hiki?"

"Hiki hakijikunji, baba Rahel. Nimekipiga mezani."

"Hata changu hakikuwa kinajikunja," Enoka akasema, akiinua kile kidole chake, "mpaka siku kilipojikunja."

Wiki nzima alikuwa akipita mbali na kisu kile. Nyanzala akaendelea kukizoea. Kukifunga kwenye pindo la kanga hakukuwezekana, kilimvuta nguo, basi akakishonea kifuko cha turubai akakivaa kiunoni. Kukinoa kulimsumbua siku mbili. Chuma chake kilikuwa kigumu mpaka jiwe likaanza kulika lenyewe. Lakini kilipopata makali hayakuondoka. Alikata kamba za katani kwa mpigo mmoja. Alichonga vigingi vinne vya nira asubuhi moja, na mkono haukumuuma, maana mpini ule mnene ulijaa kiganjani kama ulitengenezwa kwa ajili yake.

Siku ya nane ng'ombe walivunja zizi.

Aliyegundua si mwenye ng'ombe. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza wakati Helena, jirani yao wa kabila la Wabende, alipotokea mbio kwenye njia, kanga imelowa umande, na sauti yake ilitangulia.

"Nyie Wasukuma mtatumaliza! Karanga zangu! Karanga zangu zote!"

Enoka na Nyanzala walikimbia naye. Ng'ombe kumi na moja walikuwa katikati ya shamba la karanga changa, majani bado yana umande, wanakula kama waliokaribishwa. Walipowatoa, Enoka akiomba msamaha kwa Kiswahili na Kisukuma kwa pamoja, mmoja hakutoka. Alikuwa Madoa, maksai wa plau, mkubwa kuliko wote. Alisimama amepanua miguu, ulimi nje, macho yametoka. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umepanda juu kuliko uti wa mgongo. Nyanzala akaupiga kwa vidole: ukalia kama ngoma.

"Amejaa upepo," akasema. "Ni yale majani mabichi na umande."

Helena aliyekuja kugomba akasahau ugomvi. Alikimbia kwake akaleta chupa ya mawese, wakamwinua Madoa kichwa wakammiminia kooni, ili mafuta yakate povu tumboni. Wakamtembeza. Hatua sita, saba, kisha magoti ya mbele yakakunjika akaanguka kwa upande wa kulia. Pumzi yake ikawa ya kukoroma.

"Bwana mifugo?" Helena akauliza.

"Yuko upande wa Karema tangu juzi," Enoka akajibu. Uso wake ulikuwa umekauka. Bila yule maksai plau haiendi. Mwenzake peke yake asingeivuta. Lakini Enoka alikuwa mfugaji, alijua saa ya kukata tamaa. "Nipe panga, mama Rahel. Nimchinje kabla hajafa mwenyewe. Tule nyama angalau."

Nyanzala hakutoa panga. Alikuwa amepiga magoti tayari kwenye ubavu wa Madoa, na mkono wake ulikuwa kiunoni.

Marehemu baba yake kule Maswa alikuwa akiitwa kwenye mazizi ya watu kwa jambo hili hili. Alitumia ncha ya mkuki mfupi. Nyanzala, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akimbebea maji, na aliona mara nne. Hakuwahi kufanya. Hakuna mtu aliyemfundisha, kwa sababu hakuna mtu aliyefikiri mwanamke atakuja kufanya.

"Niache nitoboe," akasema.

"Kwa hicho?"

"Panga ni pana, litampasua. Kile cha jikoni kitabaki ndani, mpini utoke. Hiki ndicho kinafaa."

"Kikijikunja kwenye ngozi ile, vidole vyako vinne vinakwenda! Unanielewa? Vinne!" Enoka alikuwa karibu kulia, na haikujulikana analilia maksai au vidole.

"Mara moja tu, baba Rahel. Nikishindwa, chinja."

Madoa akatoa mlio mwembamba. Enoka akamtazama mnyama, akamtazama mkewe, akaenda kukaa juu ya shingo ya Madoa amshike pembe. Helena akashika mkia na mguu wa nyuma bila kuambiwa.

Tak!

Nyanzala aliweka kiganja cha kushoto ubavuni: gumba kwenye mfupa wa mwisho wa mbavu, kidole cha mwisho kuelekea mfupa wa nyonga. Katikati ya kiganja, palipovimba kuliko pote, ndipo pale. Alikumbuka sauti ya baba yake: elekeza chini na mbele, kama unataka kufika kwenye kiwiko cha mguu wake wa mbele, ule wa upande wa pili. Akainua kisu, akakishusha.

Kiligota. Ngozi ya maksai wa plau si ngozi ya mbuzi. Kisu kiliingia kiasi cha ukucha kikasimama, na Nyanzala alihisi mshtuko ule unarudi kwenye mpini, mahali hasa ambapo kisu kingine kingejifunga. Hiki kilibaki kimenyooka. Basi akaacha kuogopa. Akaweka kiganja cha pili juu ya cha kwanza, akauinua mwili wake wote, akaulalia mpini kwa kifua.

Ngozi ikakubali. Bapa likazama mpaka mwisho.

"Zungusha!" akajiambia kwa sauti, akakizungusha kisu kidogo ndani ya tundu.

Fyuuuuu! Upepo ukatoka kama gurudumu la lori lililopasuka, na povu la kijani, na harufu ya majani yaliyochacha iliyomfanya Helena ageuze uso huku akipiga vigelegele. Ubavu ukaanza kushuka. Ulishuka mbele ya macho yao, polepole, kama mkate ulioondolewa motoni mapema.

"Inabidi tundu libaki wazi," Nyanzala akasema akihema. "Nataka mrija."

Helena aliacha mkia, akaenda mbio kwenye mpapai wake ukingoni mwa shamba, akarudi na bua la jani, jeupe, lenye uwazi katikati. Nyanzala akavunja kipande kwa mkono, akakikosha kwa maji ya kunywa, akakiingiza kandokando ya bapa, kisha akachomoa kisu. Bua likabaki likipuliza lenyewe, puu, puu, kama mtoto anayejifunza filimbi.

Walikaa hapo mpaka jua likapanda juu ya miti. Madoa akavuta pumzi ndefu. Akainua kichwa, akamtupa Enoka pembeni, akasukuma miguu ya nyuma, akasimama. Alitikisa masikio. Kisha, kwa adabu ndogo kabisa, akainamisha kichwa akang'oa mche mmoja zaidi wa karanga.

"Muone!" Helena akapiga kelele, na wote watatu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Enoka alikiokota kisu kwenye nyasi. Alikigeuza, akausukuma mgongo wa bapa kwa dole gumba, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, ule uso wake ukiwa karibu nacho. Akakifuta kwa shati lake mwenyewe, bapa, mpini, mpaka kwenye skrubu, akampa mkewe kwa mikono miwili.

"Vidole vyako viko vingapi?"

"Hesabu."

Akavihesabu kweli, kimoja kimoja.

Hasara ya Helena waliimaliza pale pale shambani: msimu ujao plau ya Enoka ingeanza kwake kabla ya kwao, na Madoa mwenyewe ndiye angevuta.

Siku ya tatu Aloyce, bwana mifugo, alifika kwa baiskeli, vumbi la Karema bado usoni. Alimchoma Madoa sindano, akasafisha kidonda, akakikagua kwa muda mrefu.

"Aliyetoboa hapa ni nani? Kuna mtaalamu kapita?"

"Mke wangu," Enoka akasema. Alisema tena, ingawa Aloyce alikuwa amesikia. "Mke wangu, Nyanzala binti Masanja."

Aloyce akavua kofia. "Mama, msimu huu nimepoteza ng'ombe tisa kwa ugonjwa huu, kwa sababu ya kuchelewa kufika tu. Jumamosi wafugaji wote wako kwenye josho, kuogesha ng'ombe. Utakuja utuonyeshe?"

Jumamosi hiyo josho lilijaa. Wazee waliokuwa wamezoea kumsalimia Nyanzala kwa kichwa tu walisogea mmoja mmoja. "Mwangaluka, mayu," wakamwamkia kwa Kisukuma, kama anavyoamkiwa mama wa heshima, na macho yao yalikuwa kwenye kifuko cha turubai. Aliwaruhusu wakishike kile kisu. Kila mmoja alianza kwa kushangaa uzito, kila mmoja akaruka kidogo kiliposema tak, na kila mmoja akajaribu kukikunja kwa nguvu akashindwa. Kisha Nyanzala akakichukua, akakikunja, kwa sababu hakuitwa kuonyesha kisu. Akamsogeza Madoa mbele ya umati.

"Upande wa kushoto," akasema. "Nasema kushoto. Kulia utamuua. Haya, wekeni mikono, mmoja baada ya mwingine, nione."

Mstari ukapangika. Wanaume wenye fimbo, wenye makoti ya mvua, wenye mvi, walisubiri zamu yao kuweka kiganja kwenye ubavu wa yule maksai, na pale alipokosea mtu Nyanzala alimshika mkono akausogeza. Mchelewaji mmoja akatokea kwenye njia ya Kawajense akiwaswaga ndama, akauliza kuna mkutano gani.

Enoka alimpungia kwa mkono mzima, kile kidole chake kimenyooka juu kuliko vyote. "Pita huku mbele, bwana," akaita kwa fahari. "Mwalimu ameshaanza."