Vikombe Thelathini na Sita

Waliohudhuria: Nibia Olivera, mwenyekiti, Heber Cuadro, fundi pikipiki, Wilmar Techera, mtunza bustani, na mimi, Milton Larrosa, mwalimu mstaafu, katibu wa klabu yetu ya wakulima wa bangi, yenye kibali cha serikali, hapa mjini Minas. Wengine walizuiwa na mvua.

Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa karatasi yenye unyevu. Chini yake mbegu thelathini na sita zilikuwa zimekwisha kupasuka, kila moja imetoa kijimzizi cheupe. Zilikuwa za ile aina isiyongoja siku zifupike ndipo ichanue maua. Huhesabu siku zake yenyewe tangu kuchipua, na ikidumaa mwanzoni haipati muda wa kufidia. Ilitulazimu kuamua siku hiyohiyo tuzioteshe katika nini.

"Mwaka jana mimea ilitoka kimo cha kiganja," alisema Nibia, akimpa Heber kibuyu cha mate, ile chai yetu ya majani ifukuzayo usingizi. "Aibu ile haitarudiwa."

"Kiganja cha mtoto," alisahihisha Heber. "Mzee Wilmar, ukichanganya udongo na makapi ya mate, mmea unakosa usingizi. Sasa usiolala utarefuka saa ngapi?"

"Makapi yangu yameoza mwaka mzima, bwana. Yananukia kuliko gereji yako."

"Gereji yangu haijaua mtu."

"Muulize mwenye ile pikipiki ya bluu."

Nibia alicheka kidogo, kisha akaacha. "Hoja iliyo mbele yetu ni kununua makumbi ya nazi yaliyosagwa badala ya udongo wa Wilmar, na kutafuta mtunza bustani mwingine."

Wilmar aliinamia viatu vyake. Alikuwa akilala katika chumba kilichopakana na banda la miche. Akiondolewa kazini angebeba godoro lake hadi mji wa Rivera kwa dada yake, ambaye alikwisha kusema atampokea wiki mbili, basi.

Mimi nilikuwa kwenye benchi la ukutani, meza imenibana tumboni. Mlango ulikuwa nyuma ya Heber. Nisingeweza kutoka bila kuwasimamisha wote. Mbele yangu lilikuwa daftari, na ndani yake kanuni niliyoiandika mwaka jana kwa mkono wangu: kila mbegu iote katika kikombe, wala mche usihamishwe kabla ya kupata jozi nne za majani. Vikombe vile thelathini na sita nilivileta mimi, nikavibandika namba, nikavipanga kwa mistari kama darasa.

"Mwalimu, hizi hazina subira," Wilmar aliniambia wakati ule, mara mbili. "Tuzitie kwenye ndoo moja kwa moja." Nilimjibu kwamba utaratibu kwanza. Tulipokuja kuhamisha miche, mizizi ilikuwa imezunguka chini ya kikombe hata ikachukua umbo lake.

Mbegu moja ya akiba Wilmar aliipanda katika ndoo iliyotoboka, nyuma ya tangi la maji, katika udongo wake uleule wa makapi. Ilifika kiunoni pangu. Niliuona mmea huo Januari, naye aliniona nikiutazama. Hakumwambia mtu.

"Katibu, tusomee taarifa ya mwaka jana," alisema Nibia, "kisha tupige kura."

Nilisoma polepole, kama mtu anayeomba ukurasa uishe njiani. Nilipofika kwenye maneno yangu mwenyewe, "Chanzo cha hasara: mchanganyiko wa udongo," nilikohoa, nikaacha kusoma.

Wilmar alijaza kibuyu maji ya moto, akanisogezea. "Kunywa, Mwalimu. Koo limekukauka."

Laiti angenitukana, ningepata la kujitetea. Nilisimama, meza ikasogea, maji yakamwagikia daftari.

"Taarifa hii si ya kweli," nilisema. "Udongo haukuwa na kosa. Vikombe vyangu ndivyo vilivyoidumaza mimea, nami nimelijua hilo tangu Januari."

Nikawaeleza habari za ile ndoo.

"Mzee Wilmar," Heber aliuliza, safari hii bila mzaha, "ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Yeye ndiye mwenye daftari."

Nibia alifunua sahani, akatazama vile vijimzizi, akaifunika tena.

"Basi sikilizeni," alisema. "Zinapandwa leo, kila moja katika ndoo yake, kwa udongo wa Wilmar, na Wilmar anabaki. Ndoo zote atazibeba Mwalimu. Kuhusu ukatibu wake, tutapiga kura Jumamosi, wanachama wote wakiwapo."