Tani Tatu Nyuma ya Chumba Changu

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na mtu akinipunguzia chuma najua. Miaka kumi sasa najenga bodi za trela za miwa hapa Bungoma. Niletee trela ambayo fundi mwingine amebania mabati, nitaipiga teke moja tu nikuonyeshe ni wapi amekuibia. Kwa hivyo Nyambu hangeweza kunichezea shere. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Kila Jumamosi mchana nilikuwa napanda pikipiki mpaka Kitale kwenda kucheza. Si karata, si pool. Mwalimu mmoja wa fizikia anaitwa Linet ana kitabu cha mchezo wa kusafiri angani. Mnakaa mezani kwake na penseli na dadu, yeye anasimulia yanayowakuta huko juu, kila mtu anasema atafanya nini, na dadu zinaamua kama utapona. Wachezaji tulikuwa watatu: mimi Wamalwa, Derrick anayefanya kazi maabara, na Nyambu anayeuza mbegu na dawa za mifugo kwenye duka la babake. Ukitaka kucheka, cheka. Mama yangu pia alicheka, mpaka akajua kuna msichana.

Na huyo msichana, Nyambu, nilimpenda, sitaficha. Nilikuwa namalizia nyumba ya vyumba vitatu hatua chache kutoka kwa mama. Mlango wa mbele niliuchomelea mwenyewe, chuma kitupu, mwizi akiuona anarudi kwao kulima. Nilikuwa nimemwalika Nyambu aje mwezi wa nane aione, aonane na mama. Akasema atafikiria, na miezi mitatu ikapita bado anafikiria. Mama akaniambia watu wa kabila lile hawakwambii yote yaliyo moyoni. Nilimwambia aachane na hayo maneno. Lakini yalinikaa.

Basi Linet akatuambia tujenge chombo chetu cha anga. Bodi yake ilikuwa tani mia mbili, haiongezeki hata kidogo, na humo lazima vitoshee injini, mafuta, vyumba vya kulala na ngao ya nje ya kuzuia risasi za maharamia. Derrick alipewa injini, Nyambu vyumba, na mimi, kwa sababu ya kazi yangu, nikapewa ngao. Halafu Linet akatugawia kila mmoja karatasi iliyokunjwa. Alisema huenda kati yetu kuna msaliti, kila mtu asome yake kimyakimya. Yangu ilisema mimi ni mwaminifu. Nilipoinua macho, Nyambu alikuwa ameshaisukuma yake kwenye mkoba na anaufunga zipu.

Hapo machale yakaanza kunicheza. Nyambu aliomba aende na mchoro nyumbani, na ulirudi Jumamosi iliyofuata umefutwafutwa na raba mpaka karatasi imechujuka. Aliuliza nani analala chumba kipi. Aliuliza kama mlango unaweza kufunguliwa kwa mkono umeme ukikatika. Aliuliza adui akisimama kwenye mlango wa mbele watu watatokea wapi, nami nikamjibu kwa mzaha kwamba kwa ngao niliyoweka hakuna adui atafika mlangoni. Hakucheka. Akaandika kitu kwenye pembe ya karatasi, akakifunika kwa kiganja.

Derrick naye, mchochezi wa kuzaliwa, akaninong'oneza tukiwa nje kwamba huyu dada yetu anauliza maswali ya mtu anayepanga kitu. Nikamwambia anyamaze. Lakini njia nzima ya kurudi Bungoma nilikuwa nawaza, na mbele ya Kimilili karibu nigonge ng'ombe wa watu. Kama ananificha kwenye mchezo wa karatasi, ananificha mangapi mengine? Mbona hataki kuja kwetu? Nilikasirika na mtu ambaye hakuwepo hata wa kunijibu.

Jumamosi ya tatu Linet alitaka mchoro uliokamilika. Nikajumlisha tani moja baada ya nyingine, vile ninavyojumlisha chuma cha trela. Ngao yangu niliiacha tani arobaini. Sasa ilikuwa thelathini na saba. Nikaushika mchoro dirishani kwenye mwanga, na nikaona zilikoenda. Nyuma ya chumba changu, kile cha mwisho kabisa karibu na injini, ngao ilikuwa imekatwa na kuchorwa kilango. Hakikuwa kwenye orodha. Na kilikuwa kipana mno, mita moja na nusu, wakati kitabu kinataka sentimita themanini tu.

Damu ilinipanda kichwani. Nikaitupa karatasi mezani, dadu zikaruka mpaka chini ya kochi.

"Msaliti ni wewe," nikamwambia Nyambu mbele ya wote. "Umetoboa bodi yangu ili uwafungulie maharamia nikiwa nimelala. Ndiyo maana huwezi kuja kwetu. Wewe ni mtu wa kuficha."

Maneno ya mwisho hayakuwa ya mchezo, na kila mtu pale mezani alijua. Derrick aliangalia viatu vyake.

Nyambu alifungua mkoba taratibu, akatoa ile karatasi yake, akainyoosha kwa kidole. Mwaminifu. Derrick naye akatoa yake. Mwaminifu. Linet akasema yeye alituambia huenda kuna msaliti, hakusema yupo, alitaka kuona tutafanyaje. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini mimi nina kichwa kigumu, nikauliza kama si hivyo, kilango ni cha nini, na mbona anifiche.

"Sikujua nitaanza wapi kukueleza," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida tu. "Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa na mlango mmoja. Ule mwaka wa vurugu za uchaguzi nilikuwa darasa la pili. Watu walikuja wakasimama pale mlangoni na petroli. Baba akatoboa ukuta wa nyuma kwa jembe, ulikuwa wa udongo. Tundu lilitutosha sisi watoto, mama akajibana akapita, baba akapita. Cucu hakutosha."

Cucu ni nyanya yake, kwa lugha ya kwao.

Niliangalia tena ile mita moja na nusu. Nikajaribu kusema kitu, na kilichotoka ni swali la kijinga, kwamba kwa nini aliweka kilango kwenye chumba changu na si chake.

"Chako ndicho kiko nyuma kabisa," akasema. "Moto ukianzia mbele, wewe ndiye ungekwama."

Niliona haya mpaka masikio yakawasha. Nikamwomba msamaha, nikarudia, na akasema ameusikia. Akaanza kukusanya penseli zake, moja moja. Alipofika mlangoni akageuka.

"Wamalwa, hiyo nyumba unayonialika niione. Ina milango mingapi?"

Nikafikiria ule mlango wangu wa chuma, jinsi nilivyojisifu nao kwa kila aliyepita barabarani.

"Mmoja," nikasema.

Akatingisha kichwa kama mtu ambaye alikuwa ameshajua, akaniaga vizuri, akaenda.

Jumatatu sikufungua karakana. Nilichukua utepe, chaki na grainda, nikaenda kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yangu mpya nikapima mita moja na nusu. Mama alitoka na sufuria mkononi, akaniuliza kama nimerukwa na akili, ukuta bado haujakauka plasta, na sasa mwizi si ataingilia huko? Nilimwambia asimame mbali, vumbi litamwingia machoni. Kisha nikakata.

Mwezi wa nane umefika. Milango ni miwili, na wa nyuma unafunguka kwa mkono kutoka ndani, hauna kufuli. Nilimtumia Nyambu picha ya huo mlango. Ameiona, hajajibu.