Bwana Basedow

Nina kesi na wazungu wawili waliokufa zamani. Mmoja aliitwa Basedow, mwingine aliitwa Graves. Sijui walikuwa watu wa namna gani. Labda walisali, labda walipenda watoto wao. Lakini wote wawili waliuona ugonjwa uleule, na watu wa huku wakaupa jina la huyu, watu wa kule jina la yule, kana kwamba ugonjwa ni kiwanja cha kugombania. Wenye Kifaransa wakambeba Basedow wakatuletea sisi Kongo. Wenye Kiingereza wakambeba Graves wakawaletea Waganda. Na hapa katikati, mu Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, wakamwacha yaya Madeleine, dada yangu mkubwa, na moyo unaokimbia.

Mimi naitwa Olga, ni mkalimani. Kila asubuhi navaa jile ya bluu, kizibao cha wakalimani, nasimama kati ya mgonjwa na musawo, kama wanavyowaita waganga huku Uganda, na maneno yote yanapita mdomoni mwangu. Watu wa Misiera, mtaa wetu hapa kambini, wananiheshimu kwa kazi hiyo. Wananiita madame. Wacha nicheke.

Ugonjwa wenyewe ni hivi. Mbele ya shingo kuna tezi. Tezi ya yaya iliingia wazimu: ilimfanya moyo upige mbio hata akiwa amekaa, mikono itetemeke, macho yatoke nje, na nyama zimwishe mwilini huku anakula kushinda wanaume wawili. Kule Uvira, kwetu Kongo, daktari alimwambia ni Basedow, akamwandikia vidonge vya rangi ya waridi, na yaya akarudi kuwa mtu. Tulipokimbia tulivuka na mtoto wake Grâce, sufuria moja, na carnet yake, kile kijitabu cha hospitali. Jalada la carnet lilibaki njiani, na jina lake likaenda nalo. Ukurasa uliobaki juu ulianza hivi, kwa mwandiko wa daktari mwenye haraka: M. Basedow, sous traitement.

Aliyezoea Kifaransa cha hospitali anajua hiyo M ni maladie. Ugonjwa wa Basedow, anatibiwa. Basi, hakuna fumbo.

Hapa kambini yaya aliuza unga wa muhogo na dagaa pale Misiera, na vidonge vyake alikuwa akiletewa na Parfait, jirani yetu anayekwenda na kurudi Uvira na mizigo ya vitenge. Mwaka jana Parfait alikawia miezi minne. Vidonge vikaisha, moyo ukaanza tena, mpaka siku moja yaya akamwaga bakuli zima la unga mbele ya mteja kwa kutetemeka. Kituo cha afya kikatuandikia karatasi ya kwenda hospitali moja ya Mbarara. Na kwa kuwa mkalimani alikuwa ndani ya nyumba, nikamsindikiza mimi mwenyewe.

Pale mlangoni nesi aliichukua ile carnet, akaipindua, akaisoma, akamwangalia yaya toka kichwani mpaka miguuni.

"Nyabo," akasema, yaani mama kwa lugha yao, "hii kitabu si yako. Hii ni ya mwanaume."

"Mwanaume gani?" nikamuuliza.

"Soma hapa. Mista Basedow. Nyinyi wakimbizi iko natumia kitabu ya mtu mwingine. Sisi iko najua."

Ala! Yaani dada yangu amegeuzwa Bwana Basedow mbele ya foleni nzima, na juu yake mwizi wa vitabu! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: M ni maladie. Sikuyasema. Watu wote walikuwa wametugeukia, na nilivyokuwa nimekasirika niliona kumweleza yule mwanamke ni kama kumpigia magoti. Nikamnyang'anya carnet, nikaitia kwenye mkoba, nikamwambia, "Basi, acha!" Naye akaacha. Akafungua faili jipya, safi, lisilo na kitu.

Daktari aliitwa Arinaitwe. Kijana, mpole, amechoka, kalamu mbili mfukoni na moja haina wino. Alimshika yaya shingo, akamwangalia macho, akamwambia anyooshe mikono. Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kiingereza kwamba dada ana ugonjwa wa Graves.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kiingereza nimekisoma hapahapa kambini, katika darasa la kanisa. Kifaransa ndicho kilichonilea. Na kwa Kifaransa, grave ni kitu kibaya, kizito, cha kutisha. Sikusikia jina la mtu. Nilisikia ugonjwa mbaya.

"Anasema nini?" yaya akaniuliza.

"Anasema uko na ugonjwa ingine. Iko grave."

"Ingine?"

"Ingine, yaya."

Daktari akauliza kama amewahi kuugua Graves siku za nyuma. Mimi nikatafsiri: ulishaka kugonjwa sana, sana kabisa? Yaya akatikisa kichwa. "Hapana. Ni Basedow tu." Nikampelekea daktari jibu: hapana, ni Basedow tu.

"Basedow ni nani?" akauliza.

Niliona ni yaleyale ya mlangoni yanarudi. Niliona sasa na huyu atatuita wezi. Nikamjibu kwa mkato kwamba hilo ni jina la daktari. Na wala si uongo! Ndiyo hasira yangu yote. Ni jina la daktari, alikuwa daktari kweli, na daktari Arinaitwe akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa aliwahi kuonwa na Dokta Basedow wa Uvira, na hajawahi kumeza dawa yoyote ya tezi.

Akampa vidonge vyeupe, kipimo kikubwa cha mtu anayeanza. Akatuonya: akipata homa, koo likimuuma, aache dawa, arudi mbio. Hilo nililitafsiri neno kwa neno. Lakini neno lenyewe homa, mu Nakivale, ni nini? Ni malaria. Mafua ni homa, uchovu ni homa, kila kitu ni homa. Nani anapanda gari kwenda Mbarara kwa sababu ya homa?

Wiki ileile Parfait akatokea na vidonge vya waridi, boksi tatu. Yaya akapanga vyote kwenye mkeka, vya waridi huku, vyeupe kule, akaniita.

"Olga, nimeze gani?"

"Yote," nikamwambia. "Ya Basedow ni ya Basedow. Ya Graves ni ya Graves. Ni magonjwa mbili."

"Haitanizidia nguvu?"

"Yaya, miye niko interprète ao wewe?"

Tukacheka. Nawaambia tulicheka. Na kana kwamba hiyo haikutosha, akaja Déo, mwalimu wa Kiingereza wa jirani, akaisoma karatasi ya hospitali akasema, "Eh, graves kwa Kiingereza ni makaburi." Basi yaya akaogopa vibaya. Toka siku hiyo hakukosa hata kidonge kimoja. Alimeza vyote, asubuhi na jioni, na mimi nilimsifu.

Wiki tano mambo yalikuwa mazuri, moyo ulitulia. Ya sita akaamka na moto mwilini.

"Ni homa," akasema.

"Ni homa," nikasema.

Kituoni walimpima malaria, haikuonekana. Wakampa dawa ya koo. Nilikuwapo, na jile yangu, na musawo aliniuliza anatumia dawa gani nyingine, nikajibu: za Graves. Za Basedow sikuzitaja, maana nilishaona hakuna anayemjua huyo mtu, na nilichoka kuulizwa ni nani.

Siku ya tatu mdomo wa yaya ulijaa vidonda hata maji hayapiti. Nikakimbia kwa Herménégilde kumtafutia cha kusukutulia. Herménégilde ni Mrundi, mzee mmoja wa Bururi. Kwao alikuwa nesi miaka ishirini. Hapa anauza dawa kwenye kibanda Misiera kwa sababu diploma yake ni ya Kifaransa. Hakunipa kitu. Aliniuliza mgonjwa anameza nini.

"Vya Basedow na vya Graves."

Akaacha kufuta kioo cha meza yake. "Vyote? Mara moja?"

"Ni magonjwa mbili, papa."

"Nani amekuambia? Nenda ulete maboksi."

Nilileta. Yale ya Uvira yana jina la kampuni kubwa kama bango, na chini yake, kwa maandishi ya chawa, jina la dawa yenyewe. Herménégilde alinishika kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, akakipitisha chini ya yale maandishi, kisha juu ya boksi la Mbarara. Carbimazole. Carbimazole.

"Basedow ndiye Graves," akasema. "Ugonjwa mmoja, mwanangu. Dawa moja. Amemeza mara mbili, na hii dawa ikizidi inaweza kuua askari wa damu wanaolinda mwili. Usimpe tena hata kimoja. Mumpeleke leo. Sasa hivi!"

Tulimkalisha yaya kwenye pikipiki kati yangu na dereva mpaka Kabingo, na toka pale gari hadi Mbarara. Alikuwa mwepesi, na moto wake ulipita nguo zangu zote. Njia nzima nilikuwa natayarisha matusi. Kwa Kifaransa, kwa Kifuliiru, kwa lugha zote nilizopewa.

Na niliyatoa. Daktari Arinaitwe alipotokea nilimpa vidonge vyake. Nilimtupia carnet kifuani. Nikamwambia hii M ni maladie, si mista, na dada yangu si mwanaume wala mwizi, na kama mnafundishwa miaka saba na hamjui kwamba mtu mmoja ana majina mawili, mnafundishwa nini? Nikamwambia hata mbuzi wa kambi anajua jina lake ni moja. Yeye aliokota carnet, akausoma ule mstari, akausoma tena. Hakujitetea.

"Sisi tulifundishwa Graves," akasema. "Basedow nililiona mara moja kwenye kitabu, kwa kuandikwa. Wewe ulipolitamka, sikulitambua."

Bora angenitukana.

Walimpima damu. Askari weupe wa damu karibu wote walikuwa wameisha. Wakamweka chumba cha peke yake, dawa za maji mkononi, mlango unafungwa, na mimi nikavalishwa kitambaa mdomoni ili niendelee kutafsiri. Daktari akafungua faili kuandika. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: nani alimwambia ameze dawa zote mbili kwa pamoja?

Yaya hajui Kiingereza. Lakini aliniona nilivyosimama. Akanivuta upindo wa jile.

"Anauliza nini?"

Nikamwambia anachouliza.

Akameza mate, na kumeza kwenyewe kulimtoa machozi. "Muambie ni miye. Muambie nilichanganya miye mwenyewe, juu ya ujinga."

"Yaya, hapana."

"Batakufukuza ku kazi. Nani atamulisha Grâce? Muambie vile, Olga. Kazi yako ni kutafsiri. Tafsiri."

Na mimi nikatafsiri. Maneno ya mgonjwa, yote, bila kuongeza wala kupunguza, kama tulivyofundishwa. Daktari akaandika. Niliiona kalamu ikienda.

Yaya Madeleine alifariki siku ya nne, saa nane mchana.

Baada ya mazishi nilirudi Mbarara nikaomba wafute ule mstari. Karani alikuwa na adabu. Akasema faili la marehemu halibadilishwi, na isitoshe, hayo ni maneno ya mgonjwa mwenyewe, yamethibitishwa na mkalimani. Akanionyesha sahihi. Ilikuwa yangu. Nilitoka nikaupiga teke ukuta wa hospitali mpaka askari akaja kunishika mkono, akiniuliza kwa upole nimefiwa na nani.

Niliporudi Grâce alikuwa kwenye mkeka anakunja nguo za mama yake. Ana miaka kumi na sita na anasoma Kiingereza kuliko mimi. Karatasi ya hospitali tuliyopewa mama yake alipofariki ilikuwa mapajani mwake.

"Hapa banaandika mama alichanganya dawa yeye mwenyewe. Ni kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Yaya alikuwa amenilipia hiyo ndiyo kwa koo lile, kwa maneno yake ya mwisho mwisho. Lakini nilichoka kupitisha uongo mdomoni.

"Hapana," nikamwambia. "Aliniuliza ameze gani. Ni miye nilimwambia yote."

Hakulia. Alimaliza kukunja kitenge alichokuwa nacho mkononi, akakiweka juu ya vingine, akachukua bakuli la unga akaenda Misiera kuuza.

Tunaishi nyumba moja bado. Anapika, ananipakulia, ananiambia chakula tayari. Kwetu mdogo wa mama yako unamwita mama mudogo, hata ukimchukia. Grâce sasa ananiita Olga.