Chakula cha Paka Kwenye Tangi la Daktari

Samaki wa tatu alikufa Jumanne asubuhi, na aliyesutwa ni Kimya.

Alisutwa mbele ya wagonjwa, wakiwa wamejaa kwenye viti vya kungojea, kila mtu na shavu lake lililovimba. Daktari wa meno alitoka chumba cha matibabu, barakoa ikining'inia sikio moja, akalitazama tangi la kioo ambalo maji yake yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele.

"Wewe dada, kazi yako ni kupiga deki na kutunza samaki saba. Sasa wamebaki wanne. Ungepewa watoto wa watu ingekuwaje?"

Wagonjwa wawili wakacheka. Mmoja alicheka huku ameshika taya, maana hata kicheko kilimuuma, lakini hakuacha.

Kimya alikamua tambara lake la deki. Jina hilo alipewa na mpokezi wiki ya kwanza ya kazi, kwa kuwa alikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana", na siku nyingine hata hizo alizibana. Lakini asiyesema si kwamba hana la kusema. Siku hiyo kifua chake kilikuwa sufuria iliyofunikwa juu ya moto mkali.

Samaki wale aliwajua. Mwanamke aliyefanya kazi hiyo kabla yake alimwelekeza mara moja tu, naye akashika: maji ya bomba yalazwe kwenye ndoo tangu jana yake ili dawa ya kusafishia maji itoke, yabadilishwe kidogo kidogo, si yote kwa mpigo, chakula ni kile kinachoshikika kwa vidole viwili, mara moja asubuhi. Miaka miwili hakufa hata mmoja. Darasa la tano hakulimaliza, lakini la samaki alilifaulu. Watoto waliokuja wakilia kwa hofu ya sindano walinyamaza mbele ya kioo kile, na mama zao wakasema, "Hapa wanajua kutunza." Walikuwa wakimsifu yeye bila kujua. Katika jengo lile zima hakuwa na sifa nyingine. Na leo imekwenda na maji.

Alimtoa yule maiti kwa karatasi laini, akaenda kumfukia uani kwenye chungu cha maua. Aliporudi akachukua kopo la chakula cha samaki, akafungua, akanusa. Harufu haikuwa yenyewe. Akasaga punje chache kati ya vidole, zikaacha mafuta. Akachukua kikombe cha plastiki cha kusukutulia, akatia maji, akadondosha punje. Chakula cha samaki ni chepesi, huelea. Hiki kilizama kama kokoto, na juu ya maji ukatanda utando unaong'aa rangi rangi, kama dimbwi la gereji.

Akaingia stoo. Nyuma ya maboksi ya glavu akakuta mfuko mkubwa, nusu umekwisha, umechorwa paka anayejilamba. Pembeni yake kulikuwa na kinu kidogo cha kupondea vidonge, ndani kina vumbi la kahawia.

Alikibeba kinu mpaka mezani kwa mpokezi, akakiweka juu ya daftari la miadi.

Mpokezi akakitazama, kisha akatazama mlango wa daktari. "Mdogo wangu, kiondoe hapo."

"Nani?"

"Paka wa nyumbani kwa daktari katoroka tangu mwezi jana. Mfuko ukabaki. Daktari akasema chakula kisitupwe, si kimetengenezwa kwa samaki hichohicho? Akakisaga mwenyewe, akajaza kopo."

"Ulijua."

"Nilijua, ila sikujua kama kinaua."

"Na aliponisema?"

Mpokezi akazungusha kalamu. "Ningesema nini? Hasira hasara, mdogo wangu. Iache ipite."

"Hasara imeshaingia," Kimya alisema. "Hasira ndiyo imechelewa."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia. Hata Kimya alijishangaa. Lakini miguu yake ilikuwa imeshaondoka.

Akaleta ndoo mbili za maji yaliyolazwa tangu Jumatatu, na ndoo moja tupu. Wagonjwa wakakunja miguu kumpisha. Akatumbukiza mpira wa maji kwenye tangi, akafyonza ncha ya pili, akaielekeza kwenye ndoo tupu, na maji machafu yakaanza kushuka. Samaki wanne walikuwa juu kabisa, vinywa nje, wanaomba hewa. Harufu ikapanda. Bibi mmoja aliyefungwa kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini akaziba pua.

Daktari akatoka. "Nani amekwambia ufanye hivyo saa za wagonjwa?"

"Wamelishwa chakula cha paka," Kimya alisema. "Kina mafuta. Kinaoza chini, maji yanakosa hewa."

"Chakula ni chakula. Hata hicho kina samaki ndani."

"Na pipi ina sukari ya miwa. Mbona unawakataza watu? Kila siku unawafunza wachunge wanachotia kinywani."

Bibi wa kitambaa akaguna. "Hapo kakupata, Daktari."

Daktari alishusha sauti. "Njoo ofisini tuzungumze."

"Ofisini hukunisema. Ulinisema hapa."

"Dada, usinikosee adabu."

"Sijakukosea. Ulisema ningewaua watoto wa watu. Wamesikia hawa wote. Waambie nani alijaza kopo."

Hakuna aliyecheka safari hii. Daktari alivuta barakoa, akairudisha, akainama karibu na tangi kana kwamba anahesabu mapezi.

"Haya. Kopo nilijaza mimi," akakiambia kioo.

"Anazungumza na samaki?" bibi aliuliza jirani yake.

"Daktari," Kimya alisema, "geuka."

Akageuka. Akawatazama watu wale, akasema kwamba chakula alikiweka yeye, kwamba dada huyu hakuwa na kosa, na kwamba alimsema bure. Alisema haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, lakini alimaliza.

Kimya hakumshukuru. Hakutabasamu pia, hasira ilikuwa bado imemkaa kooni, nzito, na hakuona sababu ya kuimeza. Alichomoa mpira, akaanza kumimina maji safi taratibu kwa kikombe, asiwashtue wale wanne. Kisha, bila kuinua macho, akaisukuma kwa mguu ndoo ya maji machafu mpaka ikagusa kiatu cha daktari.

"Ikamwagwe uani," alisema. "Si kwenye sinki. Mafuta yataziba."