Mkono wa Kaka

"Nikate mimi, daktari, kosa ni langu!" Kaka aliutupa mkono wake mezani kama nyama buchani.

Yeye ni fundi vioo. Aliniomba nimshikie kioo cha dirisha. Simu yake ikaita, akaachia mkono mmoja apokee, kioo kikateleza kikanichana kiganja. Tangu hapo kidole changu cha shahada kiligoma kukunjika, na mimi ni msusi, nakula kwa vidole.

Daktari alieleza kwamba kano iliyokatika, ule uzi unaovuta kidole, ingebadilishwa kwa nyingine ya mguuni kwangu mwenyewe.

Kaka akanywea. "Kwa hiyo anakatwa tena kwa sababu yangu?"

Tangu upasuaji ananifulia, ananipikia, hata nywele ananichana, na mkono wake mzito kama nyundo! Leo kidole kimekunjika kwa mara ya kwanza, naye akalia kama mtoto. Nikapata moyo wa kumuuliza.

"Siku ile alikupigia nani?"

Aliinamisha kichwa.

"Alikosea namba. Nilikuwa bado nacheka naye ulipopiga kelele."