Mikono ya Thrata na Yai la Kwanza

Sisi wa Thurioi, mji wa Wagiriki, tulioingizwa katika siri za mungu Dioniso, hatuli yai, wala hatuligusi. Ulimwengu ulitoka humo, na mtu hamli mama yake. Kwa hiyo Thrata alipokuja kuomba kuingizwa nilijua mwenzetu Kleareta hatanyamaza. Ulimi hauna mfupa, na wa Kleareta ndio kabisa.

Thrata alikuwa mpishi, mtumwa aliyeachwa huru uzeeni. Binti yake Myrto alikuwa mwenzetu. Mwaka jana tulimzika na kipande chembamba cha dhahabu kifuani, kimeandikwa maneno ya njia wanayopewa walioingizwa, ili akifika kuzimu aipite chemchemi ya kusahau, anywe ile ya kumbukumbu. Asiyejua maneno hunywa ya kwanza, basi. Thrata alitaka jambo moja tu: akifa, asimsahau mwanawe.

Kuhani wetu, Mama Aristoksena, alimwambia asimulie mwanzo wa ulimwengu. Akaanza huku sauti ikitetemeka: kulikuwa na giza, na Wakati ukataga yai humo gizani...

"Hebu ngoja!" Kleareta akadakia. "Si wewe uliyempikia bwana wako Hipaso miaka ishirini? Mayai mangapi umevunja kwa mikono hiyo?"

Wengine wakacheka. Nilitamani kumzaba kofi.

"Sijui, bibi," Thrata akajibu. "Kila asubuhi bakuli zima. Nilikuwa natumwa."

"Mmemsikia wenyewe! Anataka kutuletea mikosi."

Thrata akaitazama mikono yake, imejaa makovu ya moto. Nikadhani ataondoka, na roho ikaniuma. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Naomba kuuliza, bibi. Yule Mng'aavu, mungu wa kwanza mwenye mabawa ya dhahabu, alitokaje ndani ya yai?"

"Alilipasua. Hata watoto wanajua."

"Na lisingepasuka?"

Kleareta akafungua mdomo, lakini Thrata akamtangulia.

"Tungekuwa gizani mpaka leo, bibi. Na wewe humo humo, na mdomo wako."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikalia. Mama Aristoksena akafuta macho, akainuka, akaishika ile mikono yenye makovu mbele ya watu wote.

"Endelea," akasema, "mtoto wa Ardhi na Mbingu yenye nyota."

Jina hilo haitwi mtu wa nje. Thrata alilijua, maana ndilo lililoandikwa kwenye dhahabu aliyozikwa nayo Myrto. Akasimulia mpaka mwisho, na safari hii sauti haikutetemeka.