Nguo Zimeanikwa, Sawa

Ritsuko Takamizu alipanda treni ya mwisho ambayo mumewe angeiendesha kabla ya kustaafu, akiwa na shada la maua mkononi na karatasi ya talaka mkobani. Muhuri wake, ambao kwao ndio sahihi, alikwisha kuupiga. Uliobaki ni wa mume, na huo angeudai jioni, maua yakishawekwa kwenye maji. Ritsuko alikwisha kuzifunga nguo zake zote mabegini, nyuma ya mlango wa nyumba.

Mtu asimlaumu upesi. Kwa miaka thelathini na minane mume huyo akirudi kutoka kazini alisema, "Chakula," kisha, "Maji ya kuoga," kisha, "Nalala." Akistaafu, angekaa kutwa nzima sebuleni na kimya chake. Ritsuko alikuwa na miaka sitini na miwili, na kimya kilikuwa kimemfika kooni.

Alisimama nyuma ya kioo cha chumba cha dereva, mahali pa familia siku kama hiyo. Ndani, mumewe Morihisa alinyoosha kidole chenye glovu nyeupe kwenye kila ishara, akaitaja kwa sauti kama kazi inavyotaka: "Taa ya kijani, sawa. Mwendo hamsini, sawa." Ritsuko alishangaa. Kumbe sauti anayo.

"Mama, sasa tunakaribia kwenye nguo," alisema Inaba aliyesimama kando yake, dereva kijana aliyefundishwa na Morihisa.

"Nguo gani?"

"Zile za baada ya kona. Mzee alitufundisha sote, ukitoka kona unanyoosha kidole kwenye kamba, unasema, 'Nguo zimeanikwa, sawa.' Nikaitaja hata kwenye mtihani. Msimamizi akaniuliza iko kanuni ya ngapi. Niliumbuka, mama. Nikamuuliza mzee, akasema hiyo si kanuni, huyo ni mke wangu."

Ritsuko alisogea karibu zaidi na kioo. Baada ya kona kulikuwa na nyumba moja tu, yake.

"Wanasimulia kuna siku ya jua kamba ilikuwa tupu," Inaba aliendelea. "Mzee akaita stesheni kwa redio, jirani akapigiwa simu aende akaangalie. Si ndiyo siku ile kidole tumbo kilipokupasuka?"

Ndiyo ilikuwa siku ile. Miaka ishirini na miwili Ritsuko alikuwa akimpelekea jirani yake Mama Oguri keki za mchele kila mwaka mpya kwa kumwokoa, na Mama Oguri alikuwa akizipokea bila kusema kwamba alipigiwa simu.

Treni ikatoka kwenye kona. Morihisa akanyoosha kidole.

"Nguo..."

Kamba ilikuwa tupu. Mkono ulibaki hewani. Kisha mkono mwingine ukaenda kwenye redio, ingawa mke alikuwa hatua moja nyuma yake. Mazoea yalimtangulia akili. Ritsuko akagonga kioo, jambo lililokatazwa kwa maandishi makubwa mekundu. Morihisa hakugeuka, dereva hageuki, lakini alimwona kwenye kioo kidogo cha juu. Akakinyooshea kidole.

"Mke yupo. Sawa."

Kituo cha mwisho watu walipiga makofi. Ritsuko alimkabidhi maua bila kujua ampe au ampige nayo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema kila siku," Morihisa akajibu. "Mara sita."

"Uliiambia reli."

Ritsuko akafungua mkoba, akaikunjua karatasi mbele ya macho yake. Morihisa aliusoma muhuri mwekundu wa mkewe, na maua yakamponyoka mkononi.

"Kesho huna treni," Ritsuko alisema. "Utasemea jikoni, kwa sauti hiyohiyo, nami nikiwepo. Siku utakayonyamaza, muhuri wangu umeshapigwa."

Morihisa alikuwa bado hajavua glovu. Akainua kidole taratibu, akakielekeza kwenye ile karatasi, akakisogeza hadi usoni pa mkewe.

"Nimesikia," alisema, mbele ya watu wote. "Ritsuko, nimesikia."